Kujikwaa si Kuanguka

Tafuta ufagio wa mpini mrefu, ule wa kutolea utando wa buibui darini. Simamisha ncha ya mpini kiganjani, kichwa cha ufagio kikiwa juu, kisha achia mkono wa pili. Mkono wako utaanza kazi kabla hujaupa amri. Ufagio ukiinama kushoto, mkono unakimbilia kushoto. Ukiinama mbele, unajikuta umepiga hatua mbele. Sote tulicheza mchezo huu uani tukiwa watoto, mpaka mama akatunyang'anya ufagio wake. Sasa rudia kwa penseli. Penseli haikai. Imeshaanguka kabla jicho halijajua imeelekea upande gani.

Naanza na ufagio kwa sababu nataka ujenge roboti, na nataka ujue mapema kwamba hesabu yake tayari imo mwilini mwako.

Roboti ninayoisema ina magurudumu mawili tu, yamekaa ubavu kwa ubavu kama ya mkokoteni. Haina gurudumu la tatu la kuiegemeza. Ukiizima inalala chini kama gunia. Ukiiwasha inasimama wima, inatetemeka kidogo, na unaiendesha kwa simu yako ukiwa upande wa pili wa chumba: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ukiisukuma kwa kidole inayumba, kisha inajirudisha. Mtoto akiiona mara ya kwanza huuliza imeshikwa na nini. Haikushikwa na kitu. Inaanguka muda wote, na muda wote inawahi.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Nimeisikia methali hii kwenye mahafali na kwenye harusi, ikitolewa kama neno la faraja. Nilipoijenga roboti hii ndipo nilipojua kwamba waliosema maneno hayo walikuwa wameutazama mwili wa mtu kwa makini. Aliyejikwaa kwenye kisiki hajivuti nyuma. Mguu wake unakimbilia kule kule mwili unakoangukia, unawahi kuingia chini ya uzito, na mtu anajikuta amesimama hatua mbili mbele ya pale alipokuwa. Magurudumu ya roboti hufanya hivyo hivyo. Yanakimbiza anguko. Yakilikimbia, mambo yameharibika.

Na hapo ndipo wengi hukosea siku ya kwanza. Jioni moja binti wa kidato cha tatu alikuja kibarazani kwangu na roboti yake kwenye mfuko wa rambo. Aliitengeneza kwa vipande vitatu vya mbao nyembamba, vimepangwa kama rafu, vimeshikwa na nondo nne nyembamba zenye nyuzi za skrubu. Magurudumu yalikuwa yale ya njano na meusi yanayouzwa na mota zake.

"Shikamoo, mjomba. Imekataa kusimama."

"Marahaba, mwanangu. Inaangukaje?"

Akafikiri. Nilipenda kwamba alifikiri kwanza. "Inaanguka haraka kuliko ikiwa imezimwa."

Hilo ndilo jibu la fundi. Kitu kinachoanguka haraka kuliko kawaida kinasukumwa, na kama kinasukumwa basi mota zinafanya kazi, kihisi kinafanya kazi, programu inafanya kazi. Kilichokosewa ni upande tu. Nilimwambia abadilishe nafasi za nyaya mbili za kila mota. Alikaza skrubu nne kwa bisibisi ndogo, akaiwasha, akaiachia. Ilisimama kiasi cha mtu kutamka jina lake, kisha ikaanguka. Binti alipiga kelele ya furaha utadhani ameona mwezi wa Idi. Alikuwa na haki. Kati ya roboti isiyosimama kabisa na ile inayosimama sekunde moja kuna bonde kubwa. Kutoka sekunde moja hadi saa nzima ni kazi ya daftari.

Nitakwambia kazi hiyo ilivyo, lakini kwanza tuweke vifaa mezani.

Ubongo ni bodi ndogo iitwayo Arduino. Ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, kwenye shule ya usanifu. Massimo Banzi na wenzake walitaka bodi ya bei nafuu ambayo mwanafunzi asiye mhandisi angeweza kuiendesha. Jina walilichukua kwenye baa walimokuwa wakikutana, nayo baa ilikuwa imebeba jina la mfalme wa kale wa huko. Jambo kubwa zaidi walilofanya ni kuiachia dunia michoro yake. Yeyote aruhusiwe kuinakili, kuibadilisha na kuiuza. Ndiyo maana leo unaweza kuipata Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ikiwa nakala iliyotengenezwa Uchina, inayofanya kazi ile ile. Watu wasiokujua walikuachia mlango wazi. Ingia.

Usiogope udogo wake. Bodi ya Arduino Uno ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 za kufanyia kazi. Picha moja unayotumiwa kwenye WhatsApp mara nyingi ni kubwa kuliko kumbukumbu yake yote. Lakini moyo wake unapiga mara milioni 16 kwa sekunde, na kwa kazi yetu hiyo ni kasi ya kutosha na kubaki.

Vingine nivitaje haraka. Bodi ya kuendeshea mota, ile nyekundu yenye bati la kupozea joto, L298N. Kifaa cha Bluetooth cha HC-05. Mota mbili zenye gia. Betri mbili za lithiamu za duara, aina ya 18650, ambazo mafundi wengi huzitoa kwenye betri za laptop zilizokufa. Kwenye betri sina mzaha hata kidogo. Kila moja isizidi volti 4.2 ikiwa imejaa, ichajiwe kwa chaja yake, na usilale ikiwa kwenye chaja. Iliyovimba au iliyobonyea usiitumie. Betri ya lithiamu ikigusana chanya na hasi inaweza kuwaka moto, na moto wake hauzimiki kirahisi. Kazi nzuri haijengwi kwenye chumba kilichoungua.

Sasa kihisi, na hapa nataka tukae.

Kinaitwa MPU-6050. Chenyewe ni kidude cha milimita 4 kwa 4, kimebandikwa kwenye kibao kidogo cha bluu. Ndani yake mna mashahidi wawili. Wa kwanza ni jairo, anayepima kasi ya kuzunguka: roboti inainama kwa nyuzi ngapi kwa sekunde. Wa pili ni kipimamchapuko, anayehisi mvuto wa dunia na kwa hiyo anajua chini ni wapi. Ungedhani mmoja angetosha. Hatoshi, na kuelewa kwa nini hatoshi ni nusu ya elimu yote ya roboti hii.

Jairo ni mwepesi na mtulivu. Ukiinamisha roboti, anasema papo hapo. Tatizo lake ni kwamba anajua mwendo tu, hajui mahali. Ili upate pembe kutoka kwake inabidi ujumlishe, kidogo kidogo, kila alichosema tangu mwanzo. Akikosea nyuzi moja tu kwa sekunde, baada ya dakika moja hesabu yako imepotoka nyuzi 60, na roboti inaamini kwamba imelala ilhali imesimama. Kipimamchapuko ni kinyume chake. Yeye anajua mahali, hapotoki hata ukimwacha siku nzima. Lakini ni mwoga. Mota ikitetemeka, gurudumu likipita juu ya punje ya mchanga, anapiga kelele kama nyumba imeanguka.

Mzee wa baraza akiletewa mashahidi wa namna hii hamfukuzi yeyote. Anamsikiliza mmoja kwa yaliyotokea sasa hivi, na mwingine kwa yale ya siku nyingi. Programu inafanya vivyo hivyo kwa mstari mmoja wa hesabu: chukua asilimia 98 ya maneno ya jairo, uchanganye na asilimia 2 ya maneno ya kipimamchapuko, na ufanye hivyo kila mara. Mwepesi anatoa kasi, mkweli anamrudisha njiani pole pole. Basi. Mstari mmoja, nao unakupa pembe unayoweza kuiamini.

Nimewafundisha vijana mstari huu kwa Kiswahili kitupu, nikiwapa habari ya mashahidi wawili, na wakaelewa kwa dakika kumi kitu walichokuwa wamekikariri kwa lugha ya mtihani bila kukionja. Nasema hili kwa uchungu kidogo. Tumekubali mno kwamba elimu ya mashine ina lugha yake na wenyewe wake. Haina. Hesabu inasemeka Mbagala, inasemeka Kisauni, inasemeka Bukavu. Anayekwambia vinginevyo hajawahi kujaribu kuisema.

Turudi mezani. Roboti sasa inajua imeinama kiasi gani. Inabaki kuamua magurudumu yakimbie kwa nguvu gani. Na hapa tunamhitaji mshika usukani.

Mwaka 1922 Nicolas Minorsky, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani, alichapisha hesabu ya namna ya kuongoza meli bila mkono wa mtu. Hakuanzia kwenye mashine. Alianza kwa kuwatazama mabaharia walioshika usukani. Aliona kwamba mshika usukani hodari hatazami tu chombo kimeacha njia kwa kiasi gani. Anatazama pia kinageuka kwa kasi gani, na anakumbuka kimekuwa kikisukumwa upande mmoja kwa muda gani. Baadaye hesabu hiyo ilijaribiwa kwenye manowari ya Marekani, USS New Mexico. Baharia wa Lamu au wa Unguja hahitaji kuelezwa sana. Anayeshika kana ya jahazi hangoji chombo kigeuke ndipo avute. Anauhisi mwanzo wa kugeuka. Na kama mkondo unamsukuma kusini tangu asubuhi, anashika kana kwa mwinamo wa kudumu wa kuujibu ule mkondo.

Mambo hayo matatu ndiyo namba tatu za roboti yako. Ya kwanza inajibu ukubwa wa mwinamo: ukiinama sana, kimbia sana. Ya pili inajibu yaliyolimbikizana: kama umeinama kidogo kwa muda mrefu, ongeza. Ya tatu inajibu kasi ya mwinamo: kama tayari unajirudi, punguza usipitilize. Wenye kazi huziita Kp, Ki na Kd. Kila roboti ina zake. Urefu, uzito, mota, hata hali ya betri, vyote vinazibadilisha, kwa hiyo namba za roboti ya mwenzako hazitakusaidia sana. Itakubidi uzitafute zako.

Kuzitafuta kwenyewe ndiko kunakomtenganisha fundi na mbahatishaji, na ndilo hasa lililonifanya nikae kuandika.

Mbahatishaji anabadilisha namba tatu kwa pamoja, anaiwasha, inaanguka, anazibadilisha tena. Baada ya saa mbili hajui lolote zaidi ya alilolijua mwanzo, ila amechoka na betri imekwisha. Fundi anaweka mbili kwenye sifuri, anabadilisha moja, anatazama, anaandika. Binti yule wa mfuko wa rambo nilimpa sharti moja tu: asiguse namba kabla hajaandika namba ya kabla yake ilifanya nini. Alichukua daftari la hesabu, akachora mistari. Bado nakumbuka ukurasa wake. Kp 10, inaanguka pole pole kama mtu mwenye usingizi. Kp 20, inajitahidi, inachelewa. Kp 35, imesimama sekunde nne, inayumba mbele na nyuma, mayumbo yanakua, imeanguka. Hapo akaiacha Kp, akaanza kuongeza Kd. Kwenye 0.5 mayumbo yamepungua. Kwenye 1.2 imesimama, "imesimama" imepigiwa mstari mara mbili. Kwenye 3 mota zinalia kama nyuki. Akarudi 1.2. Ki akaigusa mwisho, kidogo sana, kwa sababu roboti ilikuwa imesimama lakini ikijikokota taratibu kuelekea ukutani.

Kurasa mbili. Jioni tatu, moja kati ya hizo umeme ulikatika akaendelea kwa tochi ya simu, kwa kuwa roboti ina betri yake. Na mwisho wa kurasa hizo mbili alikuwa na kitu ambacho hakuna mtu angeweza kumpa wala kumnyang'anya: alijua kila namba inafanya kazi gani, kwa sababu aliiona ikifanya.

Najua utakwama. Nikutajie mahali watu wanapokwama, ili ukifika hapo usidhani umelaaniwa.

Bodi itajizima na kujiwasha kila mota zinapoanza kuzunguka. Mota zinanyonya umeme kwa pupa, volti inashuka, ubongo unazimia. Tazama betri kama zimejaa, na hakikisha waya wa hasi wa betri, wa bodi ya mota na wa Arduino umeunganishwa pamoja. Kumbuka pia kwamba L298N inakula karibu volti 2 yenyewe, hivyo kati ya volti 7.4 za betri mbili mota zinapata kama 5 na ushei.

Roboti itasimama lakini itatetemeka pale pale katikati bila kutulia. Mota hizi za bei nafuu hazianzi kuzunguka mpaka zipewe nguvu ya kutosha. Kwenye kipimo cha 0 hadi 255 zetu zilikuwa kimya mpaka 45. Ikiinama kidogo, programu inatoa amri ya 20, mota haijibu, mwinamo unakua. Dawa ni kuiambia programu ianze kuhesabu toka 45. Na kama gia zake zina nafasi, zinacheza ukizitikisa kwa mkono, mtetemo mdogo utabaki. Ukubali.

Programu itakataa kupanda kwenye bodi. Ni kwamba umekichomeka kile cha HC-05 kwenye pini 0 na 1, ambazo bodi hutumia kuzungumzia na kompyuta. Kichomoe, pakia programu, ukirudishe. Watu wamepoteza usiku mzima kwa hili. Na waya unaoingiza maneno kwenye HC-05 unataka volti 3.3, si 5, kwa hiyo weka vizuizi viwili vya kugawa volti, kilo-omu 1 na kilo-omu 2.

Kuna jambo lingine ambalo karibu kila mtu hulikosea kwa sababu akili inamwambia kinyume. Anaweka betri chini kabisa, karibu na magurudumu, akidhani uzito ukiwa chini roboti itatulia. Kumbuka ufagio na penseli. Ufagio ulikupa muda kwa sababu uzito wake uko juu. Uzito ukiwa sentimita 25 juu ya ekseli, mwinamo usiozuiwa hukua karibu mara tatu kila baada ya sekunde 0.16. Nyuzi 1 inakuwa 3, 3 inakuwa 7, 7 inakuwa 20, na nusu sekunde haijaisha. Ukiushusha uzito, unaipunguzia roboti hata huo muda mchache. Pandisha betri rafu ya juu, usizidishe, mota zako ni ndogo. Kisha tazama uzuri wa jambo lenyewe: programu ikirudia hesabu yake kila milisekunde 5, ndani ya zile sekunde 0.16 imeshajirekebisha mara 32.

Sasa simama ufikirie namna ya kuiendesha kwa simu, maana hapa ndipo roboti hii huwa inanigusa zaidi. Huwezi kuiambia "nenda mbele" kwa kuzungusha magurudumu mbele. Ukifanya hivyo kiwiliwili kinabaki nyuma na roboti inaanguka chali. Unachoibadilishia ni wima wake. Unaiambia kwamba kuanzia sasa, kusimama ni kuinama mbele kwa nyuzi 2. Nayo inatii: magurudumu yanarudi nyuma kidogo, kiwiliwili kinainama mbele, ndipo magurudumu yanaanza kukimbia mbele kuuwahi uzito. Tazama kwa makini siku yako ya kwanza, utaliona. Kabla ya kwenda mbele, inarudi nyuma upana wa kidole. Msukuma mkokoteni naye huinama kwanza.

Kupinda ni rahisi, gurudumu moja liongezewe, lingine lipunguziwe. Simu inatuma herufi moja tu kwa kila amri. Ongeza kinga mbili. Ikipita nusu sekunde bila herufi kutoka kwenye simu, wima urudi sifuri, roboti isimame ilipo, kwa sababu HC-05 huishiwa masafa baada ya kama mita 10. Na ikiinama kupita nyuzi 45, mota zizimwe, maana hapo imeshaanguka na kinachobaki ni kuchana vidole vya mtu.

Utaniuliza, au wazee wako watakuuliza, vyote hivi ni vya nini? Mtu mzima anaona mtoto amekaa jioni tatu na mbao na magurudumu, anaona mchezo.

Mashine ya kutotolesha vifaranga inatakiwa ikae kwenye nyuzi 37.5 za joto kwa siku 21. Fundi asiyejua namba ya tatu anazima taa joto likifika, joto linaendelea kupanda, mayai yanaiva. Fundi aliyeijenga roboti hii ameshajua kwamba unapunguza kabla hujafika. Ni hesabu ile ile. Tanuri la mikate, boila ya kiwanda cha sukari, pampu inayotakiwa kushika presha moja hata watumiaji wakiongezeka, vyote vinaweza kuongozwa na namba zile tatu. Desemba 2001 Mmarekani Dean Kamen alipoonyesha Segway, chombo cha magurudumu mawili kinachobeba mtu aliyesimama, kilichokuwa chini ya miguu ya yule mtu ni kile kile kilicho mezani kwako. Profesa Kazuo Yamafuji alikwisha kuijenga roboti ya namna hii Japani mwaka 1986. Na roketi ya Falcon 9 iliporudi kutoka angani ikatua wima Desemba 2015, ilikuwa ufagio juu ya kiganja cha moto.

Dean Kamen huyo huyo ndiye mwanzilishi wa FIRST Global, mashindano ya roboti yaliyoanza Washington mwaka 2017 na kukusanya vijana wa nchi zaidi ya 150. Vijana wa Afrika Mashariki walikuwamo. Sisemi uingie mashindano. Nasema uwanja huo umeshafunguliwa, na hakuna aliyekaa mlangoni kukuuliza unatoka wapi.

Najua pia visingizio, kwa sababu nimevisikia vyote kwa miaka. Sina laptop. Unayo simu ya Android: programu ya ArduinoDroid inaandika na kupakia kwenye bodi kwa waya wa OTG. Shuleni hatuna maabara. Hii haihitaji maabara, inahitaji meza isiyoyumba. Sikusoma uhandisi. Wale wa Ivrea walikuwa na wewe akilini. Sina hela ya vifaa vyote. Usinunue vyote. Wawili watatu mchangie, au ununue kimoja kimoja, mshahara hadi mshahara, na kila kimoja ukijue kabla kingine hakijafika. Dada zangu, na nyinyi mnaoambiwa waya ni kazi ya wavulana, daftari zuri kuliko yote niliyowahi kuliona kwenye kazi hii lilikuwa la binti, nimeshakusimulia.

Kwa hiyo Jumamosi hii nenda dukani, ununue bodi na kihisi tu. Mota zitasubiri. Unganisha nyaya nne: umeme, hasi, na mbili za mazungumzo kwenye pini A4 na A5. Laza kihisi bapa mezani usikiguse, na usome namba ya mhimili wake wa wima. Itakuwa inacheza jirani na 16384. Huo ni mvuto wa dunia, umeusoma mwenyewe, juu ya meza ya nyumbani kwenu. Kisha geuza kihisi ubavu, taratibu, uone namba ikishuka kuelekea sifuri. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, uweke na tarehe.